Ndege wa Umm Majid

Jumapili, 2 Novemba

Susan wa villa ya jirani ameniambia niandike. Anasema mfanyakazi wa ndani asiyeandika, siku ya kesi hana pa kushika. Kwa hivyo naandika, tena kwa Kiswahili, maana humu ndani hakuna wa kukisoma.

Naitwa Wangari. Nafanya kazi kwa Umm Majid, hapa Al-Hamra, Jeddah. Nyumba ni kubwa na watu ni haba: madam, mimi, na Bashir dereva, anayelala chumba cha getini na kumpasha habari mtoto wa madam. Mtoto huyo ndiye Majid, kafili wangu, yaani mdhamini aliyeandikwa kwenye ikama, kibali changu cha kukaa nchini. Anaishi Riyadh na anataka mama yake ahamie huko, akae naye karibu. Kila Ijumaa wanabishana kwenye simu. Madam humsikiliza mpaka amalize, kisha husema, "Mafi Riyadh," hakuna cha Riyadh, na kukata.

Hapo namuunga mkono. Riyadh nimeishi. Katika nyumba yangu ya kwanza huko bangili ilipotea, nikafungiwa stoo mpaka ilipopatikana kwenye mkoba wa binti yao. Hakuna aliyeniomba radhi. Tangu hapo nimeshika ile sheria ambayo wasichana hufundishana mtaani Sharafiya, hapa Jeddah, tunapokutana kununua unga na kadi za simu: ukiona jambo la ajabu katika nyumba, liseme kabla hujaulizwa. Wa kwanza kusema ni shahidi, wa pili ni mshukiwa. Sheria hiyo imeniweka hapa miaka mitatu bila neno.

Na sasa jambo la ajabu lipo. Madam amejiandikisha kwenda kuangalia ndege.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeuliza vizuri. Kuna kampuni ya Riyadh inayopeleka watu kwenye milima ya Taif kuona ndege ambao Mungu aliwaweka pande hizi za Arabuni tu, kwingine duniani hawapo. Madam anasema amezeeka kando ya milima hiyo na hamjui hata mmoja. Nikamuuliza kama wanaliwa. Hakucheka.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumeenda. Bashir aliendesha, madam akakaa nyuma na mimi mbele na birika la kahawa na tende. Mwongozaji tulimkuta juu mlimani akitungoja. Ni Mkenya. Aliposema jina lake moyo wangu ulifurahi, halafu nikaurudisha. Anaitwa Silas, mtu wa Baringo, mrefu, na anaongea polepole kama mhubiri wa redioni. Mtu mpole kiasi hicho lazima ujiulize anatafuta nini.

"Dada Wangari, habari ya nyumbani?" akaniuliza.

"Nyumbani wapi? Mimi nimetoka Al-Hamra."

Huko juu kuna baridi nzuri na mitarakwa kama ya kwetu Nyandarua. Niliposikia harufu yake karibu nilie. Tulitembea kidogo, Bashir akabaki kwenye gari akifukuza nyani. Silas akasimama, akainua mkono. "Kigong'ota wa Arabia," akasema kwa sauti ya chini. "Kwenye mgunga, lile tawi kavu la kushoto."

Madam ana darubini mpya shingoni. Hakuiinua. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa, akakaa hivyo muda, kisha akasema, "Nimemwona, Silas. Alhamdulillahi."

Mimi sikuona ndege yeyote. Nilichoona ni Silas akimwangalia madam badala ya kuangalia mti. Alikuwa akimwangalia usoni, kwa makini, kama mtu anayesubiri kuona kama uongo wake umeingia.

Jumatatu, 10 Novemba

Madam amepita koridoni akipitisha mkono ukutani kutoka mlango wa chumba chake mpaka sebuleni. Anakagua vumbi. Miaka mitatu hajawahi kunikagua vumbi. Nimepanguza ukuta wote kwa maji ya sabuni.

Jumanne, 11 Novemba

Amekagua tena.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilisogeza kiti cha sebuleni ili nifagie, nikasahau kukirudisha. Madam akakigonga kwa goti. Sijawahi kumwona na hasira vile. "Viti vya nyumba hii usivisogeze, Wangari. Hata kidogo. Umefahamu?" Nikasema nimefahamu. Alipoenda kuswali nikakunja zulia pale kiti kinapokaa, maana mtu hakatazi kiti kusogezwa bila sababu. Chini ya zulia hakuna kitu. Amehamisha, au kiko kwenye kiti chenyewe. Nitakipapasa kesho.

Ijumaa, 14 Novemba

Kiti hakina kitu.

Jumamosi, 22 Novemba

Safari ya pili. Leo nilijua pa kutazama, na nikatazama.

Kwanza, Silas alimshika madam kiwiko kwenye njia yenye mawe. Mwanamume asiye ndugu, na mwanamke wa heshima kama yule. Hakumwomba ruhusa wala madam hakushtuka, ishara kwamba si mara ya kwanza. Pili, walikuwa wakiongea kwa kunong'ona, na nikikaribia Silas ananyamaza, kisha ananiuliza kama nimechoka. Tatu, na hili ndilo kubwa, walipofika nyuma ya jabali Silas alitoa kitu mfukoni, akakiweka kiganjani mwa madam na kuvifunga vidole vyake. Madam akakitia kwenye mkoba haraka.

Ndege walitajwa watatu au wanne. Kila mara ilikuwa vilevile: Silas anasimama, anasema jina, anaeleza tawi, madam anainamisha kichwa, madam ameona. Macho yangu hayakumwachilia Silas hata dakika moja. Ana ujanja wa kufunga macho anapotaja jina la ndege.

Nyumbani, madam alipoingia kuoga, nimefungua friji kutafuta maziwa ya laban. Nyuma ya laban kuna kichupa kidogo cheupe. Karatasi yake imebanduliwa.

Jumapili, 23 Novemba

Nimemweleza Susan tukitoa takataka. Susan hana maneno mengi mazuri juu ya wanaume, na huenda ana haki.

"Wangari, we amka," akasema. "Huyo msee anatafuta nini kwa mama wa watu? Ndege? Kwetu ndege wamejaa mpaka kwa mahindi na hakuna mtu ashawahi kunipeleka kuwaona."

"Anampa dawa."

"Dawa gani?"

"Sijui. Imetolewa karatasi."

Susan akaweka mfuko chini. "Hapo sasa. Siku mama akianguka, polisi watamtafuta nani? Si huyo wa milimani. Ni nani anampikia? Ni nani anafungua friji?"

Maneno yake yamenikaa kifuani siku nzima. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye ninayefua nguo za nyumba hii.

Jumatatu, 1 Desemba

Madam ameniuliza "Nani?" nilipoingia na chai. Ndani ya nyumba tuko wawili. Nikasema, ni Wangari, madam. Akasema, najua. Kama anajua, mbona anauliza?

Jumanne, 9 Desemba

Mvua kubwa. Barabara zimefurika, Bashir hajatoka. Madam alikaa dirishani asubuhi yote, uso kwenye kioo, na kusema mvua ni nzuri kusikiliza.

Ijumaa, 12 Desemba

Majid alipiga simu. Madam: "Nyumba hii baba yako aliijenga, na mimi nitatolewa humu nikiwa nimebebwa. Halas." Nampenda anapoongea hivyo. Kama si huyu Silas tungekuwa na amani.

Jumamosi, 20 Desemba

Leo nimemshika.

Tulipofika juu ukungu ulikuwa umefunika mlima wote. Sikuwa nikiona vidole vya mkono wangu. Gari lenyewe lilipotea nyuma yetu baada ya hatua chache. Mtu mwaminifu angesema, madam, leo hakuna kuona, turudi. Silas alisema, "Madam, leo ndiyo siku nzuri. Hakuna upepo."

Akamshika kiwiko, wakaingia ukunguni kama watu wanaokwenda sokoni. Mimi nyuma yao na birika, nafuata koti la Silas. Nilikuwa na hofu, naandika wazi. Nilifikiri, huyu anaweza kumsukuma mama huyu bondeni na akasema ameteleza, na nani atakuwa shahidi? Mimi, mwenye ikama ya mwanawe. Nikasogea mpaka karibu nimkanyage visigino.

Wakasimama. Kimya. Silas akainua mkono, nikaona mkono tu na si bega. "Madam," akanong'ona. "Sikia. Kwale wa Philby. Wako juu kidogo, mkono wako wa kulia, kwenye mawe."

Madam akageuza uso kulia. Akatabasamu. Miaka mitatu namjua, sijawahi kumwona akitabasamu vile, uso wote ulifunguka kama wa msichana. Akasema, "Nawaona. Silas, nawaona."

Katika ukungu huo! Mimi mwenye macho ya kutunga uzi sindanoni sikuwa nikiona jiwe wala nyasi, yeye mzee wa miaka sitini na ushei anaona kwale. Hapo nilielewa mambo mawili. Silas ni tapeli, na ile dawa inamchezea madam kichwa. Ndiyo maana anapapasa kuta, anagonga viti, anauliza nani. Niliporudi garini nikamwaga kahawa kwenye kiti na Bashir akanifokea.

Njiani madam aliimba kidogo. Sikujua kama anajua kuimba.

Jumatatu, 22 Desemba

Majid amenipigia mimi. Bashir keshamwambia habari za milimani. "Wangari, huyu mtu ni nani anayetembea na mama yangu?"

Basi wakati ulikuwa umefika. Ningenyamaza, kesho ningeulizwa kwa nini nilinyamaza. Nikamwambia, bosi, nipe nafasi, nitakutumia sauti. Nikaingia bafuni, nikafungua maji yapige kelele, nikasema yote kwa Kiarabu changu cha jikoni. Nikasema: mwongozaji anamdanganya madam, hakuna ndege, mimi nipo na sijaona hata mmoja. Anampa kichupa kisicho na jina. Tangu aanze, madam amebadilika, anapapasa ukuta, anagonga vitu, ananisahau. Nikasema, mimi nasema mapema ili isije ikasemwa ni mimi.

Nilipotuma niliona mwili umekuwa mwepesi. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 25 Desemba

Hakuna aliyenitakia Krismasi ila Susan, na Silas kwa ujumbe. Anajua kujipendekeza.

Jumamosi, 27 Desemba

Naandika na mkono mzito.

Majid amekuja asubuhi bila kumwambia mtu. Nilimfungulia mlango, akaweka kidole mdomoni ninyamaze, akaacha sanduku lake koridoni na kuingia sebuleni kwa viatu vya mpira. Madam alikuwa chumbani. Akasikia mlango, akatoka. Alikuja kwa njia yake ya siku zote, mkono ukutani, haraka, kichwa juu. Sanduku lilikuwa katikati ya njia, kubwa, jekundu. Mtoto wa miaka miwili angelikwepa.

Hakulikwepa. Alianguka mzimamzima, na sauti ya mkono wake kwenye marumaru bado iko masikioni mwangu.

Nikakimbia. Majid alikimbia pia lakini akasimama hatua mbili kutoka kwake, akamwangalia. Madam alikuwa amekaa sakafuni akipapasa lile sanduku, akitafuta kujua ni kitu gani. "Wangari?" akasema. "Nani yuko nawe? Kuna mtu." Majid akainama taratibu, akapitisha kiganja mbele ya uso wa mama yake, kulia, kushoto. Macho ya madam hayakufuata.

Mahali pale kila nilichoandika humu kiligeuka. Ukuta. Kiti. "Nani?" Darubini isiyoinuliwa. Nilitaka ardhi inimeze, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi.

"Tangu lini?" Majid akauliza.

Madam alitambua sauti. Hakulia. Alitengeneza shungi lake kwanza. "Jicho la kushoto lilikufa, huu mwaka wa tatu," akasema. "Kulia limebaki tundu dogo, na linafunga. Ni presha ya macho. Dawa natia. Nikimtuma Bashir duka la dawa wewe utajua kabla hajarudi, kwa hivyo Silas ananinunulia Sharafiya akipita Jeddah."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungenihamisha."

"Nitakuhamisha," Majid akasema, na yeye ndiye aliyelia. Si mtu mbaya. Alikaa sakafuni kando ya mama yake na suti yake, akalia kama mtoto, akamwambia ngazi, jiko, barabara, mama, ungekufa na mimi niko mkutanoni. Madam akawa anampigapiga mgongoni kwa mkono uliovimba. Hakusema tena "Mafi Riyadh." Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Jioni Majid alikuja jikoni. "Umefanya vizuri, Wangari. Kama si wewe nisingejua." Kisha akatoka uani na kupiga simu kwenye kampuni ya Silas. Alikuwa akipaza sauti. Nilisikia "dawa" na "kuficha" na "asirudi tena kwa mtu yeyote."

Jumapili, 28 Desemba

Silas ametuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza bafuni, penye maji.

"Dada Wangari, salamu za mbali. Nimesimamishwa. Nasikia ni Bashir amepeleka maneno, sijui, simlaumu, kila mtu ana kafili wake. Nataka tu ujue, sikuwa nataka chochote kwa mama. Siku ya kwanza tu nilijua haoni, nikitaja ndege alikuwa anageuza sikio. Akaniomba nisiseme. Kwa kazi yetu, ndege ukimsikia na ukamjua, umempata, tunamhesabu sawa na wa kuona. Nilimwambia hivyo, akafurahi sana. Kwa hivyo nilikuwa namtafutia walio karibu, wanaolia. Sikumdanganya hata siku moja. Na tafadhali, mama aliniambia ngazi za nyuma hazina pa kushika. Mwangalie."

Anadhani ni Bashir. Sikujibu.

Jumanne, 6 Januari

Tunafunga nyumba. Madam anagusa kila kitu kabla hakijaingia kwenye boksi. Susan amekuja kuniaga, akaniambia, "Lakini ulisema kwa nia njema." Nimemwambia anyamaze.

Jumapili, 11 Januari

Riyadh. Fleti ya ghorofa ya juu kwenye jengo jipya, mtaa ambao hauna hata duka la mkate. Madirisha hayafunguki. Hewa inatoka kwenye matundu ya dari na haina harufu ya kitu. Madam anakaa alipowekwa. Kuta za hapa hazijui, na ameacha kuzishika. Namshika mkono kwenda msalani, kwenda mezani, kwenda kuswali. Ananishukuru kila mara kwa adabu, kama anavyoshukuru mtu wa hotelini.

Jumatano, 14 Januari

Madam hajataja ndege. Hajamtaja Silas. Hajaniuliza kitu. Je, anajua? Leo nilipokuwa nikimchana nywele alisema, "Una mikono mizuri, Wangari." Kwa nini aseme hivyo leo?

Ijumaa, 16 Januari

Majid alikuja na watoto. Walipokwenda madam alisema, "Majid ananieleza kila kitu sasa. Hanifichi kitu." Nimetafuta maana ya maneno hayo mpaka nikaunguza wali.

Jumapili, 18 Januari

Anajua. Hajui. Nimewafanyia watu hivi mwezi mzima, kuwapima neno kwa neno, na sasa nafanyiwa, au najifanyia mwenyewe. Majuto ni mjukuu.

Jumanne, 20 Januari

Silas yuko hapahapa Riyadh. Amenipigia. Kampuni imemweka kwenye nyumba ya wafanyakazi Al-Murabba akingoja karatasi za kuondoka kabisa. Atasafiri Alhamisi.

"Mama yuko vipi?" akauliza.

"Yuko."

"Mwambie nipo. Kama anataka kunisalimia, hata kwa simu tu. Namba hii inafanya kazi mpaka Alhamisi. Huko nyumbani nitatafuta nyingine, sijui lini."

"Nitamwambia," nikasema.

Madam alikuwa sebuleni, hatua chache tu. Nilisimama mlangoni na simu mkononi. Nikafikiri, wakiongea atamwambia nini? Kwamba si Bashir. Watahesabu wawili hao, mmoja na mmoja, na watanipata. Madam akageuza uso. "Wangari? Unataka kitu?" Nikasema, nilikuwa nikiangalia kama chai imepoa.

Alhamisi, 22 Januari

Sikusema.

Jumapili, 25 Januari

Leo alasiri, baada ya swala, madam aliniambia niketi. Si kwenye zulia. Kwenye kiti, mbele yake.

"Majid alinichezea sauti yako," akasema. "Siku ileile, Jeddah, usiku wa kuanguka. Alidhani nitafurahi kujua nina mtu mwaminifu ndani ya nyumba."

Kumbe alijua siku zote. Kila nilipomshika mkono alikuwa akijua ni mkono wa nani. Nikasema, "Madam, nisamehe. Nilifikiri anakutia sumu. Niliogopa itasemwa ni mimi."

"Hilo nimelielewa. Mtu aliyewahi kufungiwa huogopa mlango. Sikukuitia hilo." Alikuwa akizungushazungusha pete yake. "Kwenye sauti ulisema hakuna ndege. Ulisema wewe upo, na hujaona hata mmoja."

"Ndiyo, madam."

"Neno hilo haliniachi. Nyumba, sawa, ingeondoka leo au kesho. Lakini nalala nikijiuliza. Mimi nilisikia, lakini mzee akitaka kusikia kitu atakisikia. Na Silas ni kijana mwema. Labda ni mwema mno. Labda alionea huruma kipofu, akapiga mluzi, au akataja tu majina na mimi nikajaza mwenyewe." Akasogea mbele. "Kwa hivyo nakuuliza wewe uliyekuwa na macho. Usinifurahishe. Kigong'ota kwenye mgunga, wale kwale, wale wengine. Walikuwepo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mungu anajua ulimi wangu ulikuwa umeshainuka. Lakini angejua. Husikia uongo kama anavyosikia viatu. Nikarudi kichwani kwangu, nikaenda mpaka kwenye ule mgunga, nikatafuta tawi kavu la kushoto ili nitazame kama kuna ndege, na hapakuwa na tawi. Hapakuwa na mti. Kila nilikogeuka nilimwona Silas tu, kiatu chake, mfuko wake, mkono wake, macho yake yakifunga anapotaja jina. Nilipanda mlima ule mara tatu, na hakuna kilichobaki nami ila mtu niliyemshuku.

"Sijui, madam," nikasema.

"Hujui vipi? Ulikuwa pale."

"Sikuwa naangalia mti. Nilikuwa namwangalia Silas."

Mashine ya hewa ilikuwa ikivuma darini. Nililia, na hakuniambia ninyamaze wala hakuniambia nilie.

"Mpigie," akasema mwishowe. "Nataka kumsikia yeye. Nikimsikia nitajua."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba aliondoka Alhamisi, kwamba alipiga simu akiwa Al-Murabba, kwamba aliomba kumsalimia, na mimi nilisimama mlangoni nikasema naangalia chai. Sikupunguza. Uso wake haukubadilika, ila pete ilisimama kidoleni.

"Mpigie," akasema tena.

Nikatoa simu, nikapiga, nikaweka sauti kubwa ili asikie. Ile sauti ya mwanamke ikatuambia kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kwamba nambari hii haipatikani.

"Piga tena," madam akasema, akainamisha kichwa asikilize.

Nikapiga tena.